Niko Sawa, Asante

Kirsty Ormerod alijitia kitanzi siku ya Jumanne, saa nne na dakika tano asubuhi, kwa kujibu salamu. Alikuwa ofisi ya ruzuku ya Ramsclough, kwenye kiti cha kijani kilichofungwa sakafuni kwa skrubu ili asitokee maskini wa kuondoka nacho. Mbele yake alikaa mshauri wake wa kazi, Graham Tattersall, mtu mpole wa miaka arobaini hivi, mwenye kitambulisho shingoni na mkebe wa sandwichi kando ya kompyuta.

"Mambo yote sawa, Kirsty?" Graham aliuliza, macho kwenye skrini.

"Niko sawa, asante. Na wewe?"

"Niko sawa, asante."

Mgeni angewasikia angedhani wako sawa. Kumbe Kirsty alikuwa na barua kwenye mkoba iliyomkosesha hamu ya kula tangu Ijumaa. Shule zilikuwa karibu kufungwa kwa wiki sita. Yeye alikuwa msaidizi wa jikoni kwenye nyumba ya kulelea wazee, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na alikuwa na watoto wawili, Corey wa miaka minane na Lottie wa miaka mitano. Baba yao aliishi Blackpool na simu isiyopokelewa. Kituo cha likizo cha Vipepeo kilikuwa tayari kuwapokea watoto hao siku zake za kazi kwa pauni thelathini na mbili kwa kichwa kwa siku, na kilitaka pesa za wiki zote sita kwa mkupuo, kabla ya saa sita mchana Alhamisi ya wiki iliyofuata. Jumla yake ilikuwa pauni elfu moja mia moja hamsini na mbili. Kirsty alikuwa amepiga hesabu hiyo mara nne akitumaini amekosea.

"Likizo hiyo inakuja," Graham alisema. "Watoto umeshawapangia?"

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, na mtu mwenye funguo alikuwa ameketi akisubiri.

"Ndiyo, ndiyo," Kirsty alisema. "Kuna kituo."

"Safi kabisa." Vitufe vikalia. "Lolote lingine?"

"Hapana. Una watu wengi."

Dakika sita, na nje. Sisi wengine tukiulizwa hali hujibu nzuri hata homa ikiwa inatutetemesha, lakini tunajiachia upenyo: nzuri, ila tu. Na kwenye hiyo ila ndimo mizigo yote inamopita, ugonjwa, deni, mume na paa linalovuja. Watu wa Ramsclough hawana ila. Wanasema wako sawa, wanashukuru, kisha wanakwenda kulia bafuni na bomba limefunguliwa, mradi jirani asisumbuliwe.

&nbsp;

Siku hiyo mchana Kirsty aliketi mezani jikoni kwake na kuiandikia ofisi kwa simu, kupitia ule ukurasa wa mtandaoni ambao kila mpokea ruzuku hulazimika kuuandikia kama mtoto wa shule. Kwenye maandishi alikuwa jasiri zaidi, kwa kuwa maandishi hayana uso. Aliandika kwamba kituo kinataka pesa mbele, kwamba hana pesa za mbele, na kwamba samahani kwa usumbufu. Samahani aliiandika mara tatu.

Jibu lilikuja Alhamisi.

"Kirsty, asante kwa ujumbe wako. Kumbukumbu zetu zinaonyesha ulithibitisha Jumanne kwamba uko sawa na kwamba malezi ya watoto yameshapangwa. Tafadhali lipa kituo, pakia risiti, nasi tutakurudishia asilimia themanini na tano mwisho wa kipindi chako cha malipo. Uwe na siku njema."

Wala si serikali bahili hiyo. Ilikuwa tayari kumrudishia maskini karibu pesa zake zote, mradi tu maskini aanze kwa kuwa nazo.

Mama yake, Pauline, aliyeishi naye, aliingia wakati huo na mfuko wa pai zilizobaki dukani. Pauline alikuwa na miaka sitini na mitano na nyonga mbovu, na bado aliuza pai siku tano kwa wiki, maana kila alipoikaribia pensheni yake, wakubwa waliinyanyua na kuisogeza mbele kidogo, kwa afya yake. Alisoma jibu lile akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua.

"Ulimwambia uko sawa?"

"Aliniuliza, Mama."

"Basi ungemwambia nini?" Pauline aliweka birika kwenye moto. "Huwezi kwenda kumwaga matumbo yako mezani kwa watu. Yule kijana naye ana kazi yake."

"Kazi yake ndiyo hiyo. Kunisikiliza."

"Kazi yake ni kuuliza." Pauline alikaa, akaikunja sura kwa ajili ya nyonga, akaikunjua upesi binti asione. "Sikiliza. Mimi nitaomba ruhusa dukani."

"Wiki sita?"

"Nitawaambia naumwa."

"Kweli unaumwa."

"Siumwi, niko sawa," Pauline alisema kwa ukali, na wote wawili wakaisikia ile sentensi ikizunguka jikoni.

Baadaye kidogo Pauline aliinama chini ya sinki akatoa kopo la biskuti lenye picha ya harusi ya kifalme, harusi ambayo ndoa yake ilishavunjika zamani. Humo ndimo alimoweka pesa za mazishi yake. Watu wa umri wake pale mtaani walikuwa tayari kukaa bila moto nyumbani Januari nzima, lakini si kuzikwa na halmashauri.

"Zipo mia sita na kumi," alisema. "Chukua."

"Sizitaki."

"Sifi mwezi huu."

"Na hazitoshi, Mama."

Pauline akazitazama zile noti kana kwamba zimemwaibisha mbele ya wageni. Akafunga kopo, akalirudisha mahali pake nyuma ya sabuni, na chai yake ikapoa mezani.

&nbsp;

Ijumaa meneja alibandika tangazo mlangoni mwa jiko la wazee: hakuna ruhusa mwezi Agosti, kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Chini yake alichora uso unaotabasamu. Kirsty alilisoma akiwa na kisu cha viazi mkononi. Asipokuja kazini atafukuzwa. Akiacha kazi mwenyewe, ruzuku itakatwa, iwe fundisho kwa wavivu. Akiwaacha watoto peke yao nyumbani, watakuja watu wengine wenye vitambulisho shingoni, wa ustawi wa watoto, na hao hawaulizi kama uko sawa. Alilipitia jambo hilo kila upande akitafuta pa kutokea, akamenya viazi vya watu arobaini vikawa vidogo kama gololi.

"Hao wazee watakula maganda?" aliuliza Jincy.

Jincy alikuwa mlezi wa wazee kutoka Kerala, mwembamba, mwenye haraka, aliyekuja jikoni kila siku saa nne kuchukua uji wa Bwana Entwistle wa chumba cha tisa. Alitazama viazi, akamtazama aliyevimenya, akaweka trei chini.

"Una nini, dada?"

"Niko sawa."

"Ndiyo, hiyo nimeisikia. Una nini?"

Kwao, Jincy alieleza, swali la kwanza ni la adabu na la pili ndilo la kweli, na asiyeuliza mara ya pili ni kwamba hataki kujua. Kirsty hakuwa amewahi kuulizwa mara ya pili. Alishtuka akajikuta anaeleza, uso umeelekea kwenye karai, mpaka akafika kwenye harusi ya kifalme na pesa za mazishi. Jincy alisikiliza mpaka mwisho huku uji wa Bwana Entwistle ukiganda.

"Kuna malipo ya kabla," alisema.

"Ya kabla ya nini?"

"Kabla ya kulipa kituo. Ofisi inakupa hizo asilimia themanini na tano mbele, kama gharama imekupandia na huna. Ipo kwenye kanuni zao. Lakini hawakutajii mpaka wewe useme umekwama."

"Wewe umejuaje? Unaipata?"

Jincy akacheka kwa pua. "Mimi kwenye viza yangu imeandikwa kabisa kwamba sina haki ya senti ya serikali. Kodi nalipa, hiyo hawakuisahau. Mtu akikatazwa kitu, dada, anakisoma sana. Mimi kanuni zenu nimezisoma zote, kama mtu mwenye njaa anayesoma menyu dirishani." Akanyanyua trei. "Nenda mwenyewe. Usiandike. Ukiandika watakutakia siku njema."

&nbsp;

Jumanne, siku mbili kabla ya mwisho wa kulipa, Kirsty alikwenda bila miadi. Mlinzi wa mlangoni alimuuliza kama ana miadi, akasema hana, akaambiwa aombe miadi mtandaoni, akasema atasubiri. Akasubiri amesimama, maana viti vya kijani vilikuwa vya wenye miadi. Kila mtu aliyepita alimwomba radhi kwa kupita. Naye alimwomba radhi kila mtu kwa kupitwa. Iliendelea hivyo saa nzima na dakika kumi, mpaka Graham mwenyewe alipomwona akamwashiria.

"Mambo yote sawa, Kirsty?"

Safari hii kinywa chake kilifunguka chenyewe kutoa jibu la siku zote, na ikabidi aumie kulizuia, kama mtu anayezuia chafya kanisani.

"Hapana," alisema. "Siko sawa."

Mwanamke wa kiti cha pili aliacha kupekua mkoba. Mlinzi aligeuza shingo. Katika ofisi ile watu walikuwa wameshasikia matusi, vilio, hata kiti kimoja kikijaribiwa kung'olewa, lakini mtu kuulizwa hali na kuisema lilikuwa jambo jipya. Graham aliondoa mikono kwenye vitufe. Kwenye kompyuta yake palikuwa na visanduku vya majibu mengi, na hilo halikuwa na kisanduku.

"Siko sawa," Kirsty alirudia, na sauti ikapanda bila yeye kutaka. "Jumanne ile pia sikuwa sawa. Wiki mbili kabla yake sikuwa sawa. Nina mpaka keshokutwa saa sita mchana kulipa pauni elfu moja na zaidi, na benki nina kumi na nane. Kazi yangu nikiikosa mnanikata. Nikienda kazini na watoto hawana pa kukaa mnaniletea watu. Mama yangu ameniletea pesa za jeneza lake, na hazitoshi. Mimi sikuja kuomba zawadi. Nimekuja kuomba mnipe leo kile mnachosema mtanipa mwezi ujao." Akavuta pumzi. "Samahani kwa kelele."

Mwanamke wa kiti cha pili alitoa karatasi laini mkobani akampa, bila kumtazama.

"Kuna malipo ya kabla," Graham alisema taratibu.

"Najua."

"Umeambiwa na nani?"

"Na mtu asiyeruhusiwa kuyapata. Wewe mbona hukuniambia?"

"Hatuyataji mpaka mteja aonyeshe kwamba amekwama."

"Na mteja anaonyeshaje?"

"Anasema."

"Na akisema yuko sawa?"

Masikio ya Graham yalikuwa yameiva. "Tunaandika yuko sawa," alisema.

Kwa muda mfupi Kirsty alitamani kumpiga kwa kile kiti, na ndipo alipoelewa zile skrubu. Lakini Graham alikuwa ameshaanza kuandika, kwa vidole vyote kumi, kama mtu aliyekuwa akisubiri kuagizwa.

"Nahitaji ankara ya kituo, yenye namba yao ya usajili," alisema. "Mpigie Fiona wa kituoni sasa hivi. Usimtumie barua pepe, hasomi. Na akitaka kukuuzia chakula cha mchana mwambie watoto watabeba, kile cha kwao ni mkate na tango."

"Unamjua Fiona?"

"Ofisi inajua vituo vyote," Graham alisema, akainamia vitufe. Pembeni mwa kompyuta yake, nyuma ya mkebe wa sandwichi, palikuwa na picha ya msichana mdogo asiye na meno mawili ya mbele.

Kirsty akapiga simu palepale. Fiona wa Vipepeo alikuwa na sauti ya watu waliozoea kuita majina uwanjani, na ofisi nzima ilimsikia.

"Ankara nakutumia sasa hivi, kipenzi. Lakini fanya haraka. Zimebaki nafasi mbili tu, nafasi hatuigawanyi kwa siku, na anayelipa kwanza ndiye mwenye nafasi. Zikiisha ndiyo zimeisha."

Vidole vya Graham vilisimama. Alitazama skrini, kisha mkebe wake wa sandwichi, kwa muda ambao Kirsty aliuona mrefu akadhani kuna kanuni mpya imezuka. Kisha vidole vikaendelea.

"Nitaisukuma leo," Graham alisema. "Alhamisi asubuhi iwe imeingia. Risiti uipakie kila ukilipa, usichelewe, wakiikosa wataikata kwenye ruzuku yako wala hawataniuliza mimi."

"Asante, Graham."

"Ni kazi yangu tu," alisema Graham, na hakuuliza kama kuna lolote lingine.

&nbsp;

Alhamisi pesa hazikuingia saa tatu. Hazikuingia saa nne. Kirsty na mama yake walikaa mezani na simu katikati yao kama mgonjwa, na kila mmoja akawa anamshauri mwenzake aache kuiangalia. Saa tano na dakika ishirini ikalia: pauni mia tisa sabini na tisa na senti ishirini.

Asilimia kumi na tano zilizobaki zilitoka kwenye harusi ya kifalme. Pauline alikuwa ameshapeleka benki pauni mia moja sabini na mbili na senti themanini, kamili, na dada wa dirishani alimuuliza kama ni za kwenda likizo.

"Mtanizika bila maua," alisema, akimtazama binti yake aliyeshika simu. "Na bila pai. Watu waje wameshiba."

"Nitakurudishia, Mama."

"Utanirudishia nikiwa hai, nitazila. Bonyeza."

Kirsty akabonyeza. Fiona akajibu baada ya dakika tatu: amewapokea Corey na Lottie, orodha imejaa, asante. Pauline aliisoma mara mbili, kisha akasimama akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Kirsty aliona mabega ya mama yake yakitikisika, akajua mama hataki kuulizwa, akafungua bomba la pili kumsaidia.

&nbsp;

Jumatatu ya kwanza ya likizo mvua ilinyesha, kama ilivyo desturi ya likizo. Vipepeo ilikuwa kwenye ukumbi wa zamani wa kanisa, na kwenye geti lake wazazi walijipanga foleni bila kuambiwa. Kirsty alifika saa mbili kasorobo. Basi lake lilikuwa la saa mbili, zamu yake saa mbili na nusu, na kwa mara ya kwanza tangu barua ile ije alikuwa amekula kiamsha kinywa.

Fiona alisimama chini ya mwavuli na orodha yake ndani ya mfuko wa plastiki. Mbele yake palikuwa na mwanamume aliyevaa koti la mvua, ameshika mkono wa msichana mwenye pengo.

"Nimekuja kuangalia kama kuna mtu amejitoa," mwanamume alisema.

"Hakuna, kipenzi. Nilikwambia kwenye simu Alhamisi. Zile mbili za mwisho zilichukuliwa kabla ya saa sita."

"Haidhuru. Nilikuwa napita tu."

Alipogeuka Kirsty akamwona vizuri. Bila kitambulisho shingoni alionekana mfupi zaidi.

"Graham."

"Aa, Kirsty." Uso wake ukajipanga upesi. "Mambo sawa?"

"Sawa. Na wewe?"

"Niko sawa, asante."

Kirsty aliijua sentensi ile mpaka uzito wake. Aliwapeleka Corey na Lottie kwa Fiona, akawasikia wakiingizwa majina, wa ishirini na tisa na wa thelathini, wa mwisho. Akakumbuka vidole vilivyosimama. Jambo likamwingia taratibu, kama maji kwenye kiatu. Alirudi getini. Graham alikuwa bado amesimama na mtoto wake kwenye mvua, kama mtu aliyesahau njia ya kwenda kwake.

"Graham, nimekuuliza. Uko sawa?"

Msichana akamtazama baba yake, naye akawa anasubiri jibu.

"Hapana," Graham alisema hatimaye, sauti ndogo. "Siko sawa. Huyu anaitwa Tabitha, mama yake yuko Leeds, na mimi kuanzia kesho sina pa kumwacha."

"Wewe? Si una mshahara wa serikali?"

"Wa siku mbili kwa wiki. Nilipunguza saa kwa ajili yake. Kinachobaki napewa ruzuku, ileile yako. Nina mshauri wangu pia, mji mwingine, maana haturuhusiwi kuhudumiwa na wenzetu."

"Na malipo ya kabla hukuomba? Wewe unayejua mpaka mkate na tango?"

"Aliniuliza kama niko sawa," Graham alisema.

Basi la saa mbili likaja. Likasimama kituoni ng'ambo ya barabara, likafungua mlango, likasubiri kiungwana. Kirsty alilitazama. Lililofuata lilikuwa la saa mbili na robo, na hilo lingemfikisha jikoni amechelewa dakika sita, chini ya lile tangazo lenye uso unaotabasamu. Mlango wa basi ukafungwa.

"Siku gani hizo mbili?" aliuliza.

"Jumanne na Alhamisi. Ndizo unazokuja ofisini."

"Ndizo ninazokaa nyumbani." Kirsty aliinama akamfunga Tabitha kifungo cha juu cha koti, maana mvua ilikuwa inaingia shingoni. "Mlete kesho saa mbili. Namba kumi na saba, Mtaa wa Gisburn. Chakula ni pai za jana, usije ukasema hukuambiwa."

"Kirsty, siwezi. Wewe ni mteja wangu. Nikipokea msaada kwa mteja, kuna fomu, lazima nieleze ni nani, ni saa ngapi kwa wiki, na thamani yake..."

"Graham," Kirsty alisema. "Usiandike popote."